Mama Aliyeachwa na Watoto: Haki Zake na Kazi Mpya



Katika vigango vya milimani kama Vugiri, mama aliyeachwa na mume hutambulika haraka. Kwanza huhama benchi la mbele, kisha haonekani kwenye Jumuiya, mwisho haendi tena kupokea Komunyo. Mara nyingi hakuna padre aliyemkataza. Maneno ya majirani yamemtosha.

Basi frateri akiulizwa, ajibu kwa uhakika. Katekisimu, namba 2383, husema kwamba talaka ya kiserikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili. Namba 2386 inamtofautisha mwenzi aliyeachwa bila hatia na yule aliyeivunja ndoa. Kifungo cha ndoa kinabaki, hivyo hawezi kufunga nyingine mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ile ya kwanza ilikuwa batili. Lakini kuachwa peke yake hakumzuii Ekaristi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya 2016, aliwatia moyo wale ambao hawajaoa wala kuolewa tena wapate humo chakula cha kuwategemeza.

Sasa tuje kwenye mkate wa kila siku.

Mama wengi huondoka na watoto na furushi la nguo, wakiamini kwamba nyumba na shamba ni vya mwanamume kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishika fedha. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma pamoja. Lakini je, mke asiye na mshahara amechuma nini? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilitamka kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya familia. Wanaharakati huishangilia hukumu hiyo na kusahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara ya familia. Kwa hiyo mama aweke kumbukumbu: nani alilima, nani alinunua bati, fedha ya mavuno ilikwenda wapi. Mashahidi wa mambo hayo ni majirani, na majirani huhama.

Kabla ya mahakama, shauri hupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wasipopatana, Baraza hutoa hati ya kushindwa kusuluhisha. Kuhusu watoto, sheria huchukulia kwamba aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vingine. Na baba ana wajibu wa kuwatunza hata wakiishi kwa mama. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye mlango wa kwanza wa kudai matunzo hayo. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, hivyo anaweza kuomba hatimiliki ya kimila kwa jina lake, hata katika kijiji cha wazazi wake.

Kazi je? Kwetu milimani wa kwanza kufikiriwa ni mchumo wa chai. Si kazi ya kudharau, ila malipo hufuata kilo, na msimu wa ukame kilo hupungua. Wengine huteremsha ndizi na maharage Korogwe, wengine hushona au kufungua genge. Biashara hizi hazifi kwa uvivu. Hufa Januari, sare na madaftari yanapokula mtaji. Ndiyo maana VICOBA humfaa kuliko kuficha fedha ndani: hisa za kila wiki hazichukuliki ovyo, mfuko wa jamii husaidia mtoto akiugua, na mkopo hutoka kwa watu wanaomjua. Halmashauri nazo hutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake vilivyosajiliwa. Aulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo ya kausha damu aiepuke kabisa, hata kama mkopeshaji anakuja mpaka mlangoni.

Anayetaka ujuzi, Handeni kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya 54 nchini. Vyuo hivi vilianza 1975 kwa ajili ya watu wazima, na vingi sasa vina mahali pa kulelea watoto mama akiwa darasani. (Napenda jambo hilo kuliko hotuba kumi kuhusu kuwawezesha wanawake.)

WAWATA na Jumuiya wanaweza kufanya kitu kidogo chenye maana: mmoja wao amsindikize kwenye Baraza siku ya shauri, mwingine abaki na watoto. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na stakabadhi za shamba vitolewe nakala, nazo zihifadhiwe kwa ndugu anayeaminika, nje ya nyumba yenye ugomvi.