Tuisheni ya hesabu: mbona hela inaenda na F inabaki?

Leo naomba niongee na wazazi wenzangu, hasa mnaolipia tuisheni ya hesabu. Mimi mwenyewe ni mzazi, na jioni nazunguka Tabata na Segerea nikifundisha watoto majumbani kwao, kwa hiyo suala hili nalijua pande zote mbili.

Mwaka juzi mama mmoja aliniita kwa ajili ya binti yake wa Form Two. Mtoto alikuwa ametoka kwenye tuisheni ya banda, watoto kama 60 kwenye mabenchi, mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili. Daftari safi, vema kila ukurasa. Mtihani wa muhula: 11 kwa 100.

Nikampa swali: theluthi mbili ya x ni 8, x ni ngapi? Akaandika mistari mitano aliyoikariri, akapotea. Nikaliweka pembeni, nikamuuliza kati ya 3/4 na 2/3 ipi kubwa. Akasema 3/4. Sawa kabisa. Kwa nini? "Kwa sababu 3 inazidi 2 na 4 inazidi 3." Hee! Nikampa 3/8 na 2/3. Akajibu 3/8 bila kusita.

Mnaona hapo? Jibu la kwanza lingepata vema popote pale. Mtihani wa darasa la saba tangu 2012 maswali mengi ya hesabu ni ya kuchagua herufi, na herufi haisemi mtoto alifikaje pale. Binti alikuwa na shimo la sehemu tangu darasa la nne, na juu yake watu wameendelea kujenga ghorofa.

Halafu kuna lugha. Waliosoma shule zetu za Kiswahili wamekua na kiasi na asili, KDS na MAGAZIJUTO. Wakiingia Form One wanakutana na numerator, denominator, LCM na BODMAS. Vitu ni vilevile, majina tu yamebadilika, ila hakuna aliyewaambia! Binti huyu KDS alikuwa anaitafuta vizuri tu. LCM alidhani ni topiki mpya.

Basi nikarudi chini. Tukakata chapati: moja vipande vitatu, chukua viwili, nyingine vipande vinane, chukua vitatu. Akaangalia sahani, akacheka mwenyewe. Mama yake hakucheka. "Mwalimu, nakulipa hela ya Form Two, unamfundisha mambo ya darasa la nne?" Sikumlaumu, hela yenyewe ya genge la nyanya, na mtihani wa taifa ni Novemba. Nikamwomba wiki nne, akishindwa kuona tofauti tuachane kwa amani.

Wiki ya tatu nikarudisha lile swali la mwanzo. Akasema, "Vipande viwili ni 8, basi kimoja ni 4, vyote vitatu 12." Hakuandika hata mstari mmoja. Novemba akapata D. Wengine mtacheka, D! Lakini kumbukeni kidato cha nne mwaka 2023 waliofaulu Basic Mathematics walikuwa kama robo tu ya waliofanya. D ile ilikuwa ya kwake mwenyewe, siyo ya ubaoni.

Kwa hiyo mzazi, hata kama hesabu ulizikimbia shuleni, hili unaliweza: leo jioni chukua daftari la tuisheni, chagua swali moja lenye vema, mwambie mtoto akueleze kwa nini, kwa Kiswahili cha nyumbani. Akisema "mwalimu alisema hivyo", kaa na huyo mwalimu muongee. Na daftari lisilo na kosa hata moja kwa miezi mitatu mimi nalitilia shaka. Mtoto anayefikiri anakosea, anakata, anaanza upya.

Siyo kwamba mabanda yote ni mabaya, wapo walimu wazuri sana huko. Ila kwa watoto 60 kwa saa moja, kila mmoja ana dakika moja. Shimo la darasa la nne hulioni kwa dakika moja.

Walimu wenzangu mliomo humu, nyie mtoto akija na daftari safi mnaanzia wapi? Na wazazi mnaowakatalia wanaorudi nyuma, karibuni mniseme.