Picha za simu zilivyofika mbele ya majaji Bukavu

Septemba 2018, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu, mkoani Kivu Kusini, iliwahukumu kifungo cha maisha makamanda wawili wa kundi la FDLR kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kesi ilihusu mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilayani Kalehe.

Pamoja na maelezo ya mashahidi, majaji walionyeshwa picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Ilikuwa mara ya kwanza picha za programu hiyo kutumika mahakamani.

Programu hiyo ilizinduliwa mwaka 2015 na Chama cha Kimataifa cha Wanasheria (IBA), chenye makao yake London.

Kwa nini haikutosha kutuma picha kwa WhatsApp? Kupakia faili na kumpa mwenzako kiungo ni jambo rahisi, na kijana anayejua kuandika programu anaweza kulitengeneza. Kazi ngumu ni kumfanya jaji aiamini faili hiyo. Wakili wa utetezi atauliza: picha ilipigwa wapi, lini, na nani ameigusa tangu hapo? WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kuondoa taarifa za mahali na saa ilipopigwa, hivyo maswali hayo hubaki bila majibu.

eyeWitness huyajibu kabla faili haijatumwa. Picha hupigwa ndani ya programu yenyewe. Papo hapo simu hurekodi saa, vipimo vya GPS na minara ya mtandao iliyo karibu. Kisha programu hukokotoa namba ndefu kutokana na faili hiyo. Mtu akibadilisha hata kitu kidogo kwenye picha, namba hailingani tena. Faili hufungwa kwa msimbo na kutumwa kwenye seva mtandao unapopatikana. Mpigaji halazimiki kutaja jina lake.

Kati ya mauaji ya Kalehe na hukumu ilipita miaka 6. Kwa muda kama huo simu huharibika, huibwa au hukaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Bukavu yenyewe ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025. Anayepiga picha leo hajui kesi itasikilizwa lini, lakini faili iliyokwisha kupakiwa haitegemei tena simu iliyoipiga.