Mama mjamzito na usiku usio na usingizi

Katika vikundi vya akina mama tunavyotembelea Bariadi na Itilima, swali la usingizi huja mwishoni, watu wakiwa tayari wameshasimama kuondoka. Mama mjamzito husema analala saa tatu usiku, na ikifika saa nane yuko macho. Asubuhi anatakiwa kisimani, jikoni na kwenye pamba. Akisinzia mchana anaitwa mvivu. Wengine huambiwa wamerogwa, na hilo si neno la kuchezea, kwa maana katika Kanda hii ya Ziwa kutafuta mchawi kumegharimu maisha ya bibi zetu wengi ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Ndugu msomaji, kukosa usingizi wakati wa ujauzito ni jambo la kawaida na lina sababu za kimwili. Homoni iitwayo projesteroni humfanya mama asinzie mchana katika miezi ya mwanzo. Homoni hiyo hiyo hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na kiungulia kinapanda. Mimba ikikua, mji wa mimba hukandamiza kibofu. Tena maji yaliyojikusanya miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu mama akijilaza, figo huyachuja, naye huamka kwenda haja ndogo mara tatu au nne. Pale ambapo choo kiko nje, kila safari ni kuvaa, kutafuta tochi na kuogopa nyoka. Ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu.

Inasaidia kunyanyua miguu jioni kabla ya kulala, kunywa maji mengi mchana na kupunguza baada ya chakula cha usiku. Ugali mzito unaoliwa saa tatu na kulala papo hapo ni kukaribisha kiungulia. Ni vyema ale mapema na kidogo kidogo. Hata michembe au viazi vya mchana vinahesabika. Chai ya rangi, kahawa na soda za kola ziishie mchana.

Lakini lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya akina mama husema usiku miguu inawasumbua kwa ndani, kama sisimizi wanatembea, na hawapati nafuu mpaka waichezeshe au wasimame. Hali hii mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu kiwango kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Kwa hiyo mama huyu apimwe damu kliniki, na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Wengi huviacha wakiona choo cheusi wakadhani vinawadhuru. Choo cheusi ni kawaida ya vidonge hivyo. Avimeze kwa maji au na tunda kama chungwa, si kwa chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kula udongo nako huzuia vivyo hivyo. Misuli ya mguu ikikaza ghafla, hilo ni jambo jingine: anyooshe goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwake.

Kuanzia wiki ya 28 mama alale ubavu, wa kushoto au wa kulia. Akilala chali, uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na utafiti umehusisha kulala chali miezi ya mwisho na mtoto kufia tumboni. Akizinduka yuko chali asiogope, ajigeuze tu. Kitenge kilichokunjwa kati ya magoti hupunguza maumivu ya kiuno. Chandarua chenye dawa kisiachwe kwa sababu ya joto. Malaria katika ujauzito humaliza damu ile ile tunayoitafuta.

Dawa za usingizi zisinunuliwe dukani bila kuandikiwa, na pombe isitumike kama dawa. Baba naye asidhani makala hii haimhusu. Akichota maji au akiamka na watoto wadogo, mama atapata nusu saa ya kulala mchana. Na usiku mwingine kinachomwamsha si kibofu bali hofu ya kujifungua, hasa kama aliwahi kupoteza mtoto. Azungumze na mtu anayemwamini, na huzuni ikidumu wiki mbili amweleze muuguzi.

Hata hivyo zipo dalili ambazo hazisubiri mapambazuko: kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kutokwa damu, homa, kushindwa kupumua akilala, au mtoto kupunguza kucheza. Muwasho mkali wa viganja na nyayo usiku unaweza kutokana na ini, nao upelekwe kituoni. Maumivu wakati wa kukojoa pia yapimwe. Kwa dharura ya uzazi, mpango wa usafiri wa m-mama hupigiwa bure kwa namba 115. Iandikwe ukutani karibu na kitanda, na simu iwe na chaji kabla ya kulala.