Miaka Arobaini ya Ndoa, na Mkeka Mmoja Chini ya Mibuyu

Katika miji ya mawe ya mwambao wetu, nyumba na ndoa vilikuwa jambo moja. Huko Lamu, baba mwenye uwezo aliyejaaliwa binti alianza kuifikiria nyumba yake mapema. Alijenga ubavuni mwa nyumba yake mwenyewe, au aliongeza ghorofa juu yake, ili siku ya kuolewa binti awe na kwake. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Palipokuwa na kichochoro baina ya nyumba mbili, mafundi waliweka wikio juu yake, na mama na binti wakatembeleana bila ya kushuka njiani. Chumba cha ndani kabisa, chenye kuta za chokaa na safu za vidaka, kilikuwa cha mama wa nyumba. Humo ndimo walimozaliwa watoto, na humo ndimo walimooshewa maiti.

Basi anayeuliza kwa nini familia ya Kiislamu ya leo iende kuishukuru ndoa penye kuta kuukuu, jawabu la kwanza ni hilo. Katika desturi yetu, kuta za mawe zilisimamishwa ili ndoa ipate pa kukaa.

Jawabu la pili ni chungu zaidi. Nyingi katika nyumba hizo hazimo tena mikononi mwetu. Mzazi hufariki, warithi huwa wengi, thamani ya kiwanja hupanda, na nyumba iliyolea vizazi vitatu huuzwa ili kila mmoja apate fungu lake la sheria. Kuuza si dhambi, na mirathi ni haki aliyoigawa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Lakini pamoja na nyumba hupotea kiwanda chake, yaani ule uwanja wa ndani ambapo watu sitini wangeweza kutandikiwa majamvi na kula pamoja. Warithi hutawanyika kwenye fleti za vyumba viwili, na mwaka hupita wasionane ila msibani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ambayo imetukaribisha katika kikao chake na kutuomba tusitaje majina. Baba na mama wa familia hiyo walitimiza miaka 40 ya ndoa katika Mfunguo Mosi uliopita, kwa hesabu ya mwezi. Kwa hesabu ya jua ni kama miaka 38 na miezi kumi, lakini nikaha yao iliandikwa kwa tarehe ya Kiislamu, nao wamependa kuihesabu hivyo. Nyumba aliyopambiwa bibi harusi siku hiyo, nyumba ya mamake mzazi, iliuzwa miaka sita iliyopita. Tangu kuuzwa kwake, bibi huyo na mdogo wake wa tumbo moja walikuwa hawasemi. Mdogo alidai kuwa bei ilikubaliwa bila ya yeye kushauriwa. Mkubwa alidai kuwa alimtumia habari, naye hakujibu. Wote wawili ni watu wa swala na watu wa sadaka.

Binti mkubwa wa familia ndiye aliyetoa rai ya kuwakusanya watu. Wa kwanza kuipinga alikuwa ndugu yake, kijana aliyesoma chuoni mpaka akahitimu. Alisema kuwa kuadhimisha mwaka wa ndoa ni mila ya wengine, na kwamba Muislamu ana sikukuu mbili tu. Hoja yake haikupuuzwa. Walimwendea mwalimu wao wa darasa, naye akawaeleza kuwa wanavyuoni wana kauli mbili. Wako wanaokataza, kwa kuchelea kuwaiga wasiokuwa Waislamu na kuifanya siku hiyo kuwa mfano wa idi. Na wako wanaoliweka jambo hili katika mlango wa ada, ambao asili yake ni ruhusa, madhali halihesabiwi kuwa ibada na halichanganyiki na haramu.

Mwalimu akawakumbusha jambo moja zaidi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliishi na Bi Khadija miaka ipatayo 25, na baada ya kufa kwake hakumsahau. Katika Hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, na iliyomo katika Bukhari na Muslim, imesimuliwa kuwa alikuwa akichinja mbuzi au kondoo, akamkata vipande, akavipeleka kwa waliokuwa marafiki wa Bi Khadija. Tunachojifunza hapo ni kuwa ndoa njema ilikumbukwa kwa chakula kilichofikishwa kwa watu wa mke.

Familia ikashika njia ya katikati. Hawakuifanya siku ya kudumu ya kila mwaka, wala hawakuleta keki, muziki, au nguo za sare za kumtoa mtu fedha asizokuwa nazo. Walikubaliana juu ya karamu moja ya shukrani, Jumapili, baada ya wengi wao kumaliza kufunga Sita. Mzee mwenyewe alitoa sharti lake: "Mimi sitaki sherehe. Nataka niwaone watu wangu wote mkeka mmoja, nami bado nina macho ya kuwaona."

Likabaki swali la mahali. Kumbi za kukodi zilikuwa ghali, na hapakuwa na nyumba ya jamaa yeyote inayoweza kuwatosha. Ndipo shangazi mmoja alipoitaja Jumba la Mtwana.

Kutoka Mombasa huvukwa daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, halafu hukatwa kulia kuelekea baharini. Hapo pana mabaki ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliohamwa katika karne iliyofuata. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na mibuyu mikubwa imesimama baina yake. Jina la Jumba la Mtwana lina maana ya nyumba kubwa ya mtumwa, ingawa historia haikuhifadhi kisa kilicholizaa. Kilichohifadhiwa ni mpango wa maisha ya watu waliojali usafi na tohara: nyumba zenye vyoo na mahali pa kujisafishia, misikiti, visima na birika. Upepo wa bahari huingia mji mzima.

Jengo lililowavuta wanawake wa familia hiyo kuliko yote ni msikiti ulio karibu kabisa na bahari. Wataalamu wa mambo ya kale wameona humo dalili za chumba kilichotengwa kwa ajili ya wanawake. Mama wa makamo, anayefundisha watoto Kurani nyumbani kwake, alisimama hapo kitambo. Kisha akawaambia mabinti waliomzunguka: "Tazameni. Miaka mia sita iliyopita, bibi zenu walikuwa na mahali pao msikitini. Msiseme tena kuwa kusoma na kuswali msikitini ni jambo jipya kwa mwanamke wa pwani."

Nje ya msikiti huo pana kaburi lenye maandishi ya aya ya 185 ya Sura ya Aal Imran, aya inayomkumbusha mwanadamu kuwa mauti ni ya kila mmoja, na kwamba malipo kamili ni ya Siku ya Kiyama. Wengine walidhani kuwa si vyema wageni wa furaha kupitishwa hapo. Mzee alikataa rai hiyo. Alisimama, akawaombea waliolala hapo, kisha akawaambia wajukuu wake kuwa ndoa inayosahau kaburi hugombania vitu vidogo.

Maneno hayo yalisikiwa na waliopaswa kuyasikia. Mdogo wa bibi alikuwa amekuja. Mpwa wake, yule binti mkubwa, hakumpelekea ujumbe wa simu. Alimwendea kwake mara tatu, na mara ya tatu alikwenda na ndugu yake, yule kijana aliyekuwa akipinga. Kijana alikuwa amekumbuka mafundisho ya Mtume kuwa mwenye kuunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye udugu wake ukikatwa, yeye huuunga. "Khalati," alimwambia, "mama hajanituma. Nimekuja kwa sababu wewe ni mamangu." Bibi yule alilia, akasema atakuja kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya dadake.

Chakula kilipikwa majumbani, kila nyumba sufuria lake. Palikuwa na pilau ya mbuzi, kachumbari, samaki wa kupaka, mkate wa sinia, kaimati, na halua iliyoletwa na mtoto anayefanya kazi Muscat. Baada ya adhuhuri majamvi yalitandikwa chini ya mibuyu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na ikasomwa dua. Wakati wa kupanga masinia, yule mama anayefundisha Kurani aliwakalisha watu kwa umri, kama ilivyokuwa katika nyumba ya zamani. Kwa mpango huo ndugu wawili walijikuta sinia moja. Hakuna aliyesema neno. Mkubwa alimega nyama akaisogeza upande wa mdogo wake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto. Mdogo akaila.

Baada ya kahawa, vijana walimtaka bibi aseme siri ya miaka 40. Wengi walitarajia maneno matamu. Yeye aliwapa hesabu. Katika mwaka wa saba mumewe alipunguzwa kazini, akakaa miezi kumi na minne bila ya ajira. Aliuza bangili zake mbili za mahari, na hakuna aliyejua ila mamake. Katika mwaka wa kumi na sita alirudi kwa wazazi wake, akakaa wiki tatu. "Mama hakunifukuza na hakunishika," alisema. "Alimwita mume wangu, akampa kiti na kahawa, akatuacha ndani sote wawili mpaka tukasemezana. Ile nyumba ndiyo iliyotupatanisha. Mkiona miaka 40, msidhani ni ya watu wawili. Ni ya mama, ya mawifi, na ya ndugu yangu huyu, aliyenilelea mwanangu nilipokuwa hospitali." Aliposema hayo alimshika mkono mdogo wake, mbele ya watu wote.

Hapo ndipo penye uzito wa kikao kama hiki. Vijana wetu huiona ndoa siku mbili: siku inapopambwa na siku inapovunjika. Yaliyo katikati, ya kuvumilia, kusamehe na kuanza tena, hutendeka ndani na hayasimuliwi. Zamani kijana aliyaona kwa sababu aliishi nyumba moja na bibi yake, mama yake na shangazi zake. Leo hana pa kuyaona, isipokuwa wazee wakusudie kumkalisha na kumwambia. Suratur-Rum, katika aya yake ya 21, inaihesabu ndoa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, yenye utulivu, mapenzi na huruma. Ishara huwekwa ionekane.

Familia inayotaka kufuata mfano huu ina mengi ya kuchagua katika pwani yetu. Ipo Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2011. Upo mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, pamoja na ngome yake. Yapo na magofu ya Gede karibu na Watamu, yaliyoingizwa mwaka 2024. Kabla ya kwenda na watu wengi, ni lazima kuonana na wasimamizi wa Makumbusho ya Taifa, kuomba ruhusa, na kuulizia ada na masharti. Majengo hayo yanalindwa na sheria, na zaidi ya sheria ni amana. Moto usiwashwe karibu na kuta, watoto wasizipande, na kigae hata kimoja kisichukuliwe. Mihrabu ziheshimiwe kama inavyoheshimiwa misikiti. Wazee wachukuliwe viti na maji ya kutosha, kwa kuwa ardhi ina mizizi na mawe. Na gharama isipite uwezo, kwani karamu ya deni si shukrani, na Kurani imewalaumu wenye kutapanya.

Kikao cha Jumba la Mtwana hakikuondoa kila kilichokuwamo nyoyoni. Habari ya bei ya nyumba haikuzungumzwa siku ile, na huenda itahitaji msuluhishi. Lakini mwezi uliofuata mdogo wa bibi aliwaalika dadake na shemeji yake nyumbani kwake, fleti ya vyumba viwili huko Kisauni. Wageni walikuwa kumi na mmoja, na viti vilikuwa vitano. Wakatandika mkeka.