Waya Mdogo, Amana Kubwa: Tuuchunguze Mlango wa Gari la Watoto Wetu



Tulikuwa watu 8 ndani ya gari siku ile: mume wangu kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma yetu mama mkwe pamoja na watoto 5. Tulikuwa tukitoka Mombasa kwenda harusini Malindi. Tulipokwisha kuipita Mtwapa, binti yangu wa pili akasema, "Mama, kunanuka kama mfuko wa plastiki unaoungua." Nilipogeuka niliona moshi mwembamba ukipanda kutoka chini ya mlango wa kushoto, pale pale watoto wanapokanyaga wakiingia. Mume wangu akaegesha gari kando ya barabara na kuzima injini. Nikabonyeza swichi ya kuufungua mlango, kimya. Mama mkwe akauvuta mkono wa mlango kwa ndani; haukuitika, kwani kufuli ya watoto ilikuwa imefungwa, kama tuifungavyo siku zote. Mume wangu akashuka, akauvuta kwa nje, nako vilevile.

Ilibidi tuwatoe kwa mlango wa kulia, upande wa barabara. Mume wangu alisimama akiwainulia mikono madereva wa malori, nami nikawapokea watoto mmoja mmoja na kuwavusha hadi majanini. Kisha akaichomoa nyaya ya betri, na moshi ukakoma. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Dakika zile hazikuwa nyingi, lakini hadi leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua moyo hunipasuka.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa waya mmoja, mwembamba kuliko kalamu, uliopitishwa mahali usipostahili kupita. Familia nyingi za pwani hutumia magari ya aina hii, na watoto wetu hupelekwa shuleni na chuoni kwa vani zenye milango ya kusukuma kando. Kwa hiyo nimeona si vyema nijifunze peke yangu.

Mlango usiofanana na mingine

Mlango wa kawaida wa gari hufunguka kama mlango wa nyumba. Una bawaba, na nyaya zake hupita karibu na bawaba hizo ndani ya mpira unaokunjika kidogo tu. Mlango wa kusukuma hauna bawaba. Hutembea juu ya reli, ukaenda nyuma kiasi cha hatua nzima ya mtu mzima, kisha ukarudi. Nyaya za kioo, za kufuli, za mota na za sensa inayouzuia mlango usimbane mtoto hazina budi kusafiri nao kila unapokwenda.

Watengenezaji wametumia njia mbili. Katika magari mengi ya zamani, mlango una vipande vya chuma vinavyogusana na vingine kwenye nguzo ya gari pale mlango unapofungwa. Ukifunguliwa, umeme hukatika, ukifungwa, hurudi. Katika magari ya baadaye, hasa yenye mlango unaojifungua kwa mota, nyaya huwekwa ndani ya mnyororo wa plastiki au mfereji laini. Upande mmoja hushikizwa kwenye bodi, aghalabu chini ya kipandio, na upande wa pili kwenye mlango. Mlango unapotembea, mnyororo hujikunja na kujikunjua kwa mviringo mpana, na nyaya zilizo ndani hufuata mviringo huo huo bila kugusa chuma.

Mnyororo huo, basi, si pambo. Ndio unaoamua waya upinde wapi, kwa upana gani, na usiguse nini.

Jinsi waya unavyokufa

Waya wa gari si kipande kimoja cha shaba. Ni nyuzi nyingi nyembamba zilizokusanywa ndani ya plastiki moja. Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili bila kufundishwa: kijiti cha ukuti kikikunjwa mara chache huvunjika, ilhali kamba ya makumbi, iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, hukunjwa miaka na isikatike. Hata hivyo, shaba nayo huchoka. Kila inapopindwa huzidi kuwa ngumu, na nyuzi huanza kukatika moja moja huku plastiki ya nje ingali nzima. Haba na haba hujaza kibaba: siku moja zimebaki nyuzi mbili tatu zinazobeba mzigo wa zote, zikapata joto, au zikakatika kabisa.

Hebu tufanye hesabu. Vani ya shule ikifungua mlango mara 10 asubuhi na mara 10 alasiri, hizo ni mara 20 kwa siku na mara 100 kwa wiki ya siku 5. Tena gari lenyewe aghalabu lilikwisha kutumika ng'ambo kabla ya kushushwa Kilindini, kwani kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa gari kuukuu ambalo halijapita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Twanunua gari pamoja na uchovu wa nyaya zake.

Pwani yetu nayo ina yake. Hewa ya chumvi hupenya kwenye viungo vya waya na kuigeuza shaba kuwa ya kijani. Mchanga tunaorudi nao kutoka ufukweni hujaa kwenye reli, ukauzuia mlango na kuisumbua mota. Panya nao, gari likilala siku nyingi, hutafuna plastiki ya nyaya.

Kosa letu lilikuwa wapi?

Miezi 2 kabla ya safari ile, kioo cha mlango wa kushoto kiliacha kufanya kazi. Tulikwenda kwa fundi wa karibu, tukamwambia tuna haraka na fedha ni chache. Badala ya kuufungua mnyororo na kuutafuta waya uliokatika, alipitisha waya mpya nje yake, juu ya kipandio, akaufunga kwa tepu na kuufunika kwa zulia. Fyuzi ilipokatika mara mbili, akaweka kubwa zaidi. Kioo kikapanda, tukafurahi, tukalipa na kuondoka.

Baada ya tukio tulimwendea fundi mwingine, mzee aliyeishi na umeme wa magari tangu ujana wake. Aliinua zulia, akatuonyesha alama ambapo gurudumu dogo la mlango lilikuwa likipita juu ya waya kila siku hadi likaimenya plastiki. Shaba ikagusa bodi, ikawa shoti. Fyuzi ya kiasi chake ingekatika papo hapo na habari ikaishia hapo. Ile kubwa ilivumilia, na waya ndio ulioungua, ukaziunguza na za jirani, zikiwemo za kufuli.

"Mama," aliniambia, "fyuzi imewekwa ife ili waya uishi. Ukiikataza fyuzi kufa, umeuhukumu waya."

Nilimuuliza kama angeunga tu palipoungua. Akatikisa kichwa. "Kiungo hakikai mahali panapopinda. Mtu ukimfunga kijiti gotini, atatembea vipi? Risasi ya kuunganishia huufanya waya uwe mgumu, nao utavunjika pale pale ugumu unapoishia."

Njia iliyo sahihi

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama kwa muda wa saa nyingi. Kwanza alichomoa upande hasi wa betri. Akafungua kifuniko cha mlango na cha kipandio, akatoa fungu zima la nyaya zilizopita kwenye mnyororo. Alitumia nyaya za unene ule ule, zenye nyuzi nyingi nyembamba, ndefu kiasi cha kuvuka sehemu yote inayotembea. Viungo aliviweka ndani ya mlango na ndani ya bodi, mahali palipotulia, na hakuviweka vyote sehemu moja, ili fungu lisivimbe.

Kila nyaya zilipopenya kwenye tundu la chuma alihakikisha raba ya tundu ipo, kwa maana ukingo wa bati ni kisu. Alizikamata nyaya kwa vibanio pande zote mbili za mnyororo, ili zinapovutwa uzito usiangukie kwenye soketi. Alizivika tepu ya kitambaa badala ya ile ya kawaida ya plastiki, ambayo katika joto letu gundi yake huyeyuka na kuachia. Hakuzikaza wala hakuzilegeza kupita kiasi: zikikazwa hukatika, zikilegea hubanwa na reli.

Kisha, kabla ya kurudisha vifuniko, aliusukuma mlango kwa mkono polepole, mwanzo hadi mwisho, akirudia tena na tena huku akiangalia kama waya wowote unagusa chuma. Ndipo alipoweka fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi.

Tusidhani kwamba mambo haya huwasibu wenye magari makuukuu pekee. Mnamo Novemba 2016, kampuni ya Toyota iliyaita yarudi magari ya Sienna yapatayo 744,000 nchini Marekani, ya modeli za 2011 hadi 2016. Iligundulika kwamba mlango wa umeme ukizuiwa usifunguke, sakiti ya mota yaweza kuzidiwa na fyuzi kukatika. Hilo likitokea komeo likiwa limeachia, mlango ungeweza kufunguka gari likiwa mwendoni. Ikiwa waliounda gari walilazimika kurudi kwenye fyuzi na nyaya za mlango, sisi tunaoliendesha tuna udhuru gani wa kutozitazama?

Dalili za kuangalia

Mlango huzungumza kabla ya kuharibika. Tega sikio ukiona moja ya haya:

Kioo cha mlango huo hufanya kazi mlango ukiwa mahali fulani tu, na ukiusogeza kidogo hukataa.

Taa ya ndani au ya dashibodi huonyesha mlango u wazi ilhali umefungwa, au humetameta gari linapopita kwenye mashimo.

Kufuli za milango mingine huitika, lakini ya mlango huo haiitiki.

Mlango wa umeme hulia, husita njiani, au hurudi nyuma pasipo kuguswa na mtu.

Fyuzi ile ile hukatika mara kwa mara. Hapo usikubali iongezwe. Kwa kawaida fyuzi za kuchomeka huwa na rangi: nyekundu ni ampea 10, samawati 15, manjano 20 na kijani 30. Ukiona kijani mahali palipoandikwa 15, au kipande cha waya au karatasi ya fedha badala ya fyuzi, simamisha gari hilo hadi lirekebishwe.

Harufu ya plastiki inayoungua haingoji kesho. Zima gari, toa watu kwa upande ulio salama, na uchomoe betri ikiwa waweza.

Kila wiki, safisha reli kwa brashi na kitambaa. Usipake grisi nzito kwenye reli yenye mchanga, kwani hugeuka tope. Usiuelekeze mpira wa maji wenye nguvu kwenye mnyororo wa nyaya.

Jambo la mwisho alilotufunza

Mzee yule alipomaliza aliniita mlangoni. "Siku ile mlango wenu ungefunguka," alisema. Kando ya mkono wa ndani mna kitufe kidogo cha kufunga na kufungua kwa kidole. Kufuli ya watoto huzuia mlango kufunguliwa kwa ndani tu. Mama mkwe angekisukuma kitufe kile, na mume wangu akavuta kwa nje, mlango ungeachia bila umeme wowote. Tena karibu na usukani mna swichi kuu ya mlango wa umeme. Ikizimwa, mlango husukumwa kwa mkono kama wa gari lolote.

Nilinyamaza. Miaka 3 tulikuwa nalo gari lile, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kujaribu.

Sasa nyumbani kwetu kila mtu anajua, hata mtoto wa miaka 7. Mara moja kwa mwezi huzima swichi ile na kila mmoja hufungua mlango kwa zamu. Nimemwomba pia dereva wa vani ya shule atuonyeshe, wazazi kadhaa tukiwapo, jinsi mlango wake unavyofunguliwa umeme ukikosekana, na kama kuna waya wowote unaopita juu ya kipandio. Hakukasirika. Tuliinua zulia pamoja.

Wazazi wenzangu, watoto ni amana, na kutawakali hakuondoi wajibu wa kumfunga ngamia. Wiki hii, kabla hujamwinua mwanao kumpandisha garini, inua kwanza zulia la kipandio uangalie kilicho chini yake.