Boti yako ya oda inachoka jioni? Soma hapa

Unauza mchele wa Kyela ukiwa Mbeya, au vikapu vya Iringa, na una boti ya kupokea oda kwenye seva. Asubuhi inajibu chap, jioni inasuasua, usiku inazima. Ukiiwasha upya inakaa sawa, kesho yale yale. Mara nyingi shida si bando, ni memori.

Ukurasa wa kawaida wa PHP ukishamjibu mteja, memori yake inaachiwa. Boti inayokesha haifungi kazi, kwa hiyo kila oda na picha isiyoachiwa inabaki humo. Ni kama kibanda cha Mwanjelwa kisichotoa maboksi matupu: mwisho hata wewe hupati pa kusimama. Kwa PHP kikomo cha kawaida ni MB 128. Kikizidi, boti inakufa katikati ya oda.

Mwambie fundi wako:

1. Oda iandikwe kwenye hifadhidata kwanza, ndipo ifutwe kwenye memori. Boti ikizima, oda ipo.
2. Faili zifungwe kazi ikiisha, hata kosa likitokea.
3. Oda zilizoachwa njiani zifutwe baada ya muda, mfano saa moja.
4. Boti ijiwashe upya yenyewe usiku, wateja wakiwa wamelala.

Pima memori asubuhi na jioni. Ikipanda tu bila kushuka, kuna kitu hakiachiwi. Kuwasha upya kunatuliza, hakuponyi.

Mteja asiyejibiwa anahamia kwa jirani. Mtumie na mwenzako!