Vichocheo vya ukuaji na atherosklerosisi

Vichocheo vya ukuaji ni protini ambazo seli hutoa ili kuziamuru seli nyingine zigawanyike, zihame au zitengeneze tishu. Katika atherosklerosisi, yaani ugonjwa ambao kuta za ateri hujaa mafuta na kuwa nene, protini hizo zina kazi mbili zinazopingana: huchangia kuufanya mshipa uwe mwembamba, lakini pia huzuia rundo la mafuta lisipasuke.

Ugunduzi

Mwaka 1974 Russell Ross, John Glomset na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza majaribio ya kukuza seli za misuli laini za ateri katika maabara. Seli ziliongezeka sana zilipopewa majimaji ya damu iliyoganda, lakini kidogo tu chembe sahani za damu zilipokuwa zimeondolewa mapema. Kichocheo kinachotolewa na chembe hizo baadaye kiliitwa PDGF.

Utendaji

Ugonjwa huanza kolesteroli ya LDL inapojipenyeza chini ya utando wa ndani wa ateri. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huimeza na kujaa mafuta. Makrofaji, chembe sahani na seli za utando huo hutoa PDGF, ambayo huzivuta seli za misuli laini kutoka tabaka la kati hadi tabaka la ndani. Huko huongezeka na kutengeneza kolajeni.

Kichocheo kingine, TGF-beta, huongeza kolajeni na kutuliza uvimbe. VEGF huotesha mishipa midogo ndani ya rundo; mishipa hiyo ni dhaifu na huweza kuvuja damu.

Hatari na kinga

Kolajeni hufanya kifuniko juu ya mafuta. Kifuniko chembamba kikipasuka, damu huganda ghafla na kusababisha shtuko la moyo au kiharusi. Katika panya waliozuiwa TGF-beta, kolajeni ilipungua na uvimbe ukazidi.

Matibabu

Ateri iliyopanuliwa kwa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma, huweza kuziba tena kwa sababu seli za misuli laini huongezeka. Kwa hiyo stenti nyingi hupakwa dawa kama sirolimus inayozuia seli hizo kugawanyika. Dawa hiyo huchelewesha pia kupona kwa utando wa ndani, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuzuia chembe sahani kwa miezi kadhaa na hapaswi kuziacha bila ushauri wa daktari.